Nusa Tanki Kwanza

Gari lililolala bandani mwaka mzima halikatai kuwaka faraghani. Husubiri Desemba, asubuhi ya safari ya kijijini, wakati mabegi yameshafungwa juu ya keria, mama mkwe ameshakaa kiti cha mbele na mkoba mapajani, na majirani wametoka kuaga. Hapo ndipo stata inapozunguka, ikazunguka, ikazunguka, injini isiitike, mpaka mtoto wa kiti cha nyuma aulize kama gari linasikia njaa. Watu wazima humnyamazisha, na hilo ndilo kosa la kwanza, kwa sababu katika kundi zima ni yeye pekee aliyekaribia ukweli. Shemeji atataja plagi, jirani atataja kompyuta, na fundi aliyeitwa kwa simu ataihukumu pampu kabla hajashuka kwenye bodaboda. Hoja yangu ni kwamba mshtakiwa wa kwanza awe petroli yenyewe. Baada ya hapo mafuta yafuatwe kule yanakokwenda, kutoka tanki hadi nozeli, na pasinunuliwe spea yoyote kabla ya kupima hatua iliyoitangulia.

Petroli si kitu kimoja. Ni mchanganyiko wa mamia ya haidrokaboni, nyingi zikiwa na atomu za kaboni kati ya 4 na 12. Kinachoungua ndani ya injini ni mvuke, wala si kimiminika, na injini ikiwa baridi ni zile haidrokaboni nyepesi tu zinazokubali kugeuka mvuke kwa hiari. Nzito husubiri joto ambalo bado halipo. Sasa, zile nyepesi ndizo za kwanza kutoroka. Jua la mchana hupasha tanki, mvuke ukasukumwa nje. Usiku tanki hupoa, likavuta hewa mpya, na hewa ya pwani haiji mikono mitupu, huja na unyevu. Oksijeni iliyoingia huungana polepole na baadhi ya haidrokaboni zilizobaki na kufanya ulimbo unaonata, na maji yaliyotona hushuka chini kabisa, kwa kuwa petroli ni nyepesi kuliko maji, yakakaa palepale pampu inapofyonzea. Serikali zimehangaika sana na wachakachuaji: Tanzania huyatia mafuta vinasaba tangu 2010, na Kenya mwaka 2018 iliweka tozo ya shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kusiwe na faida ya kuyachanganya na petroli. Hakuna aliyefikiria kwamba tanki lililolala linajichakachua lenyewe, bila mafuta ya taa wala tozo. Kinachobaki baada ya mwaka ni kiporo, ila kiporo cha wali ukikipasha moto kinarudi kuwa chakula, na hiki ukikipasha utatangazwa kwenye taarifa ya habari. Fungua kifuniko cha tanki unuse. Petroli nzima hukupiga puani mara moja. Iliyochacha hunuka vanishi ya fundi seremala, na ukiitoa kidogo kwenye chupa safi utaiona imegeuka kahawia. Kipimo hiki ni bure, na labda ndiyo sababu hakipewi heshima.

Kuna watakaosema kwamba kuituhumu petroli mapema ni kuruka hatua, maana gari lililolala huugua mambo mengi. Ni kweli, na betri ndiyo ya kwanza. Betri dhaifu huzungusha stata kwa uvivu, huku pampu na kompyuta zikigawana umeme usiotosha, kwa hiyo betri nzima ifungwe kabla ya mashtaka mengine yoyote. Ila ikishafungwa, kuna njia rahisi ya kuwatenganisha washukiwa. Piga stata kwa muda, kisha fungua plagi. Plagi ikitoka kavu, mafuta hayafiki. Ikitoka mbichi, yanafika, na swali linakuwa ama ni mabovu ama cheche haipo. Njia ya pili ni kupuliza kidogo dawa ya kuwashia injini kwenye mdomo wa hewa. Injini ikishtuka, ikanguruma sekunde moja mbili na kuzima, cheche imeachiwa huru mahakamani na kesi yote inahamia kwenye mafuta. (Mtungi wa kuzimia moto uwe nje ya gari, karibu na mkono, usiwe chini ya mabegi ya mama mkwe.)

Twende kwenye pampu, ambayo inastahili kuheshimiwa zaidi kuliko inavyoheshimiwa. Katika magari mengi ya nozeli pampu ni mota ya umeme iliyozamishwa ndani ya tanki, na katika pampu nyingi mota hiyo ina brashi za kaboni zinazosuguana na kurusha vicheche. Soma tena: vicheche, ndani ya petroli. Gari halilipuki kwa sababu mvuke wa petroli hushika moto tu ukiwa takriban asilimia 1.4 hadi 7.6 ya hewa iliyopo, na ndani ya tanki kwa kawaida mvuke umejaa kupita kiasi hicho, na ndani ya pampu yenyewe hakuna hewa. Tena petroli haipiti kando ya mota, bali hupita katikati yake, ikiipoza na kuilainisha njiani. Mhandisi aliyebuni hivyo alikuwa na akili nyingi na imani kubwa, lakini imani hiyo ilikuwa kwa petroli mpya. Kimiminika kilekile kilichopaswa kulainisha mota kikigeuka ulimbo, huigandisha. Hapo usikilize. Ufunguo ukifika kwenye hatua ya kuwasha, kabla ya stata, katika magari mengi pampu hunguruma kwa kama sekunde 2 kisha hunyamaza. Watu husikia ule ukimya wakatangaza msiba. Ukimya huo ni wa makusudi: kompyuta hukata umeme wa pampu mpaka injini izunguke, ili gari likipata ajali na bomba likapasuka, pampu isiendelee kumwaga petroli barabarani. Kama mngurumo haupo kabisa, tazama fyuzi na rilei, kisha pima kwa taa ya majaribio kama umeme unafika kwenye soketi ya pampu. Umeme ukifika na pampu ikanyamaza, gonga chini ya tanki taratibu kwa nyundo ya mpira huku mwenzako akipiga stata. Ikiamka, imekiri yenyewe. Ibadilishwe hata kama leo imekubali kazi.

Fundi mzoefu atasema hahitaji vyote hivyo, sikio lake linatosha. Namheshimu, lakini sikio husikia mota ikizunguka, halisikii mafuta yakisukumwa. Chujio la chini ya pampu likiziba kwa kutu na ulimbo, au mpira ulio ndani ya tanki ukipasuka, pampu itaimba vizuri kabisa huku nozeli zikikauka. Anayejua ni geji ya presha. Injini ya 1NZ-FE iliyomo kwenye Vitz, IST na Probox nyingi zinazopita barabarani kwetu huhitaji takriban bar 3 hadi 3.4. Magari ya zamani ya kabureta yaliridhika na sehemu ndogo tu ya bar moja, ndiyo maana hukumu za sikio ziliwafaa mafundi wa enzi hizo.

Pingamizi la kisasa zaidi ni la kompyuta: chomeka mashine, gari litasema lenyewe linaumwa nini. Gari husema lile tu lililopewa kipimo cha kulijua. Injini niliyoitaja, kama nyingine nyingi za aina yake, haina kihisio cha presha ya petroli. Pampu inaweza kufa leo na mashine ikasoma kwamba mambo ni shwari. Mteja analipia usomaji, anaonyeshwa kioo kisicho na kosa hata moja, na fundi anahitimisha kwamba basi itakuwa pampu.

Hapa ucheshi unaniishia. Ukutani pa duka la spea pameandikwa kwamba mali ikishauzwa hairudishwi, kwa hiyo kila kisio la fundi linageuka mali ya mteja: pampu ya mtumba, plagi nne, chujio, na kisha, baada ya yote, dumu la petroli mpya lililoliwasha gari. Nani alaumiwe? Fundi, ndiyo, lakini si peke yake. Mteja huyohuyo hukataa kulipia kupimwa. Fundi akitumia saa mbili kutafuta kosa bila kubadilisha kitu, huambiwa, “Sasa nikulipe nini, umefungua ukafunga tu!” Tumewafundisha mafundi kwamba akili hailipwi ila chuma, kisha tunashangaa wanatuuzia chuma.

Wengine husema mwaga tu lita chache mpya juu ya zile za zamani. Kama gari limelala miezi michache na tanki lina mafuta kidogo, sawa, mara nyingi hufaulu. Ila tanki lililo nusu baada ya mwaka halipati nafuu kwa lita tano, kwa kuwa mafuta mapya huleta haidrokaboni nyepesi lakini hayaondoi ulimbo wala maji. Huyakoroga tu na kuyapeleka kwenye nozeli. Na kwenye injini zisizorudisha mafuta tankini, petroli ya zamani iliyobaki kwenye bomba lazima iteketezwe yote kwanza ndipo mpya ifike, kwa hiyo usikate tamaa stata ikizunguka mara ya kwanza bila jibu.

Kama gari lako ni la kabureta, safisha pia vijitundu vyake. Kama ni la dizeli, toa hewa kwenye njia ya mafuta, na ukikuta utelezi mweusi tankini, ni vijidudu vilivyofanya makazi kati ya dizeli na maji.

Petroli iliyotolewa isimwagwe mtaroni. Gerejini hutumika kuoshea vyuma, na dumu la kuipokea huwa limeshafunguliwa kifuniko wakati wewe bado unabishania bei ya pampu.