Nani Anachora?

Katika vikao vya mtandaoni, "jamani, mnanisikia?" tumeshaizoea. Kinachotisha ni lile swali la pili: "Samahani, nani anachora?" Likiulizwa tu, mstari mwekundu uliokuwa ukitambaa juu ya jedwali la bajeti unakoma papo hapo, na hakuna anayejitaja. Wengi humsaka mchoraji. Mimi ningemshtaki aliyegawa kalamu kwa kila aliyehudhuria.

Tuanze na mkono. Kipanya kilibuniwa kwa ajili ya kuelekeza na kubofya. Tarehe 9 Desemba 1968, Douglas Engelbart alipokionyesha hadharani San Francisco, alizungumza pia kwa video na mwenzake aliyekuwa Menlo Park, wote wawili wakitazama maandishi yaleyale, kila mmoja na kishale chake. Kuelekeza kuliwatosha. Sasa mpe mhasibu kipanya hicho azungushie tarakimu moja: linatoka duara lenye pembe saba, na mkia. Afadhali lingeishia hapo. Kwenye programu kama Zoom, unachokichora hakishikamani na ukurasa, kinabaki juu ya kioo. Mwenye jedwali akiteremsha ukurasa, duara lililokuwa kwenye "Jumla Kuu" linajikuta limezingira "Posho ya Mwenyekiti". Hakuna aliyekusudia, ila mwenyekiti ameshaona. Naye mtoa mada akishika kalamu akasahau kuiweka chini, kila anapobofya ili slaidi isogee, slaidi haisogei, inaongezeka nukta. Baada ya dakika moja ina surua, na yeye analaumu intaneti.

Walimu watanipinga, na wana haki: hesabu haifundishiki kwa maneno matupu. Lakini mwalimu ni mmoja, anajua anachokichora, na akimaliza anafuta. John Madden, kocha wa zamani wa mpira wa Kimarekani, naye alijipatia umaarufu kwa kuchora mistari juu ya picha za mchezo kwenye televisheni. Alichora mmoja, wakatazama mamilioni. Kwetu wanachora kumi, anayetazama ni mmoja, na pengine ndiye pekee anayejilipia bando.

Kuna pia wanaodai kwamba kuchorachora kunawasaidia kusikiliza. Hawasemi uongo. Mwaka 2009 mwanasaikolojia Jackie Andrade wa Uingereza alichapisha utafiti ambamo watu waliopaka vivuli kwenye maumbo, huku wakisikiliza ujumbe wa simu uliochosha makusudi, walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao. Basi nawaunga mkono kabisa, kwa sharti moja: wale walichora kwenye karatasi, kwa penseli. Ua lako kwenye daftari linakusaidia wewe. Ua hilohilo juu ya takwimu za robo mwaka halimsaidii mtu, na anayezisoma atalizunguka kwa adabu kama halipo.

Dawa haihitaji kamati. Mwenye kikao anaweza kuzuia waalikwa wasichore, kisha akaruhusu pale tu inapohitajika, kwa muda unaohitajika. Hata asiyetaka kuonekana mkali ana njia: kwenye Zoom upo mpangilio unaoonyesha jina la kila anayechora. Uwashe kwenye kikao kijacho, na uwatangazie watu kwamba umeuwasha.