Milimita Moja ni Ndugu Mmoja

Mama, Mama Mkubwa, Shangazi, Mjomba, na kamati nzima ya harusi, Frere Town, Mombasa.

Mimi huku London ni mzima, ila baridi na mchango wa harusi. Mchango nitautuma mwisho wa mwezi. Madhumuni ya waraka huu ni lenzi. Nimezisikiliza sauti zote mlizorekodi kwenye kundi la WhatsApp, pamoja na ile ya Mjomba inayoanza kwa maombi na kuishia kwa betri kuzimika, nikaona jambo hili lisipowekwa kwenye maandishi, bibi harusi atafika kanisani tukiwa bado twabishana nje.

Shangazi ameagiza picha moja ya ukoo mzima mbele ya mnara wa kengele, pale Kengeleni. Maharusi, wakwe kutoka Wundanyi, sisi wenyewe, na juu ya vichwa vyetu ile kengele iliyokuwa ikipigwa kuwaonya wazee wa Frere Town kwamba wafanyabiashara ya watumwa wanakuja kuwarudisha utumwani. Wazo zuri sana. Kinachokosekana ni nafasi. Nyuma ya mpiga picha kuna barabara, na barabarani kuna matatu zinazogombea abiria wa Kongowea, tuktuk zinazopita popote zinapoenea, na makanga ambao hawajawahi kumsubiri msanii. Siwezi kurudi nyuma. Mpiga picha asiyeweza kurudi nyuma hana budi kutafuta lenzi ya pembe pana.

Ziko mbili zinazoingia kwenye kamera yangu ya Canon 80D na kwenye mfuko wangu kwa wakati mmoja, zote mtumba: Canon ya 10-22 na Tokina ya 11-16. Mama, hizo namba ni milimita, na kwenye lenzi namba ikiwa ndogo ndipo macho yanapokuwa mapana. Lenzi ya 10 inaona zaidi kuliko ya 11. Najua inasikika kinyume, lakini mimi naishi kwenye nchi ambayo watu huvua mashati kwa nyuzi joto 18, nimeshazoea.

Mjomba, kwa kuwa alipiga picha za pasi mjini enzi za filamu, anasimama na Tokina. Hoja yake ni nuru. Tokina inafunguka hadi f/2.8 mwanzo mpaka mwisho, wakati Canon inaanzia f/3.5 na kuzidi kufumba kadiri unavyoizungusha, mpaka 22 ambako ni f/4.5. Hapo ana haki. Upande ule mpana, Tokina inaingiza nuru mara moja na nusu ya mwenzake. Shangazi akamjibu kwa sauti ya sekunde nne: "Hiyo nuru itammulika nani, kama watu wameachwa nje?"

Nikachukua karatasi. Mita 3 ndio mwisho wa usalama wangu. Zaidi ya hapo nagongwa. Kwa umbali huo, lenzi ya 10 inafagia upana wa mita 6.7 hivi, na ya 11 inafagia mita 6.1. Tofauti ni sentimita 60. Sentimita 60 ni mtu mzima mmoja aliyesimama vizuri, au Shangazi akisimama upande. (Shangazi, nisamehe, ni hesabu tu.) Kwa maana hiyo, milimita moja ni ndugu mmoja kwa kila safu, na tukijipanga safu tatu ni ndugu watatu wanaobaki kando wakishika mikoba ya wenzao. Nawajua nyinyi. Tukianza kuchagua hao watatu ni nani, tutaoza mtu mwaka ujao.

Lakini hesabu ya karatasi si picha, basi nikazikodi lenzi zote mbili wikendi moja na kwenda kuzijaribu. Nilihitaji kitu kirefu kilichosimama wima, kisicholalamika wala kuuliza picha zitatoka lini. Nikamkumbuka mwenyewe. Mnajua Sir Bartle Frere yuko hapa? Yule yule wa jina letu. Amesimama kwa shaba kwenye bustani ya Whitehall, kando ya mto Thames, kazi ya mchongaji Thomas Brock. Sanamu ilizinduliwa 1888, miaka minne baada ya yeye kufariki. Majirani zake pale bustanini ni Tyndale aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiingereza na jenerali mmoja wa India aitwaye Outram. Mtu wa Frere Town ukisimama mbele yake unashindwa kujua kama umwamkie au umdai.

Kwa faida ya vijana wa kamati wanaodhani Frere ni jina la kampuni: huyu ndiye aliyefika Zanzibar mwaka wa 1873 kumbana Sultani Sayyid Barghash afunge biashara ya watumwa. Sayyid alimkatalia. Mkataba ulikuja kusainiwa Juni mwaka huo huo, Frere ameshaondoka, chini ya usimamizi wa John Kirk na vitisho vya manowari. Mwaka uliofuata wamishonari wa CMS wakamtuma William Salter Price Mombasa, na kijiji cha walioachwa huru kikapewa jina la Frere. Wengine walishushwa kutoka majahazi yaliyokamatwa baharini, wengine walirudi kutoka Nasik, India, wakiwa na ufundi wa useremala na uhunzi. Jasho la kujenga lilikuwa lao, jina likawa la bwana. Kisha Frere huyu akahamishiwa Afrika Kusini, na mwaka wa 1879 akaanzisha vita na Wazulu vilivyomfanya aitwe nyumbani mwaka uliofuata. Hilo la Wazulu kwenye shule ya Jumapili tulirukishwa.

Basi nikamwanza kwa Canon, nikaiweka kwenye 10. Jambo la kwanza: ukiinua kamera kumtafuta kichwa, mistari yote iliyosimama inaegemea nyuma. Frere mzima akalala kama anayekwepa deni. Nikashusha kamera mpaka ikawa sawasawa na upeo wa macho, naye akasimama. Kwa hiyo Kengeleni nitapanda juu ya kigoda, kamera ikae sawa, kengele iingie yenyewe kwa ule upana wa juu. Nikiinua shingo ya kamera, mnara wetu utaonekana unaangukia Nyali.

Jambo la pili ndilo lililonikosesha usingizi. Nilimtoa Frere katikati ya fremu, nikamsogeza hadi pembeni kabisa. Akanenepa! Si kidogo, bega moja lilijitanua kama mkate uliosahauliwa kwenye joko. Nikajaribu kwa Tokina, akanenepa vile vile, pungufu ya nusu kilo.

Sikieni, si kasoro ya kiwanda chochote. Lenzi hizi zimeundwa ili mstari ulionyooka ubaki umenyooka: ukuta wa kanisa utoke ukuta, mlango utoke mlango. Deni la unyoofu huo hulipwa na vitu vya mviringo vilivyo pembeni, na kichwa cha binadamu ni cha mviringo. Kichwa kikikaa nyuzi 45 kutoka katikati, kinatoka kipana kuliko urefu wake kwa asilimia 40 na ushei. Ukuta bapa haunenepi. Shangazi ananenepa. Hii ni jiometri, na jiometri haihongeki, hata na mwenyekiti wa kamati.

Nilipokuwa bado nimechuchumaa, mzee mmoja wa Kiingereza akasimama na mbwa wake. Akaniomba radhi kwa kupita mbele ya kamera, kisha akaniomba radhi kwa kuniomba radhi, ndivyo walivyo. Akauliza yule wa shaba ni nani, maana anapita pale kila asubuhi na hajui. Nikamwambia ni jina la mtaa wetu. Akamtazama Frere, akanitazama mimi, akasema hongera.

Jaribio la jua halikufanyika. Kwa sifa iliyoenea, Tokina hii ikielekezwa juani inaingiza madoa na ukungu wa mwanga zaidi kuliko Canon, na Mombasa jua halikosi. Nikakaa kwenye benchi kulisubiri jua la kupimia. Likatokea upande wa Waterloo, likachungulia, likajutia. Hapo nimewaamini waliotangulia.

Uamuzi wangu ni Canon, na sababu yenyewe si ile milimita moja. Mjomba, nuru unayoipigania sitaitumia. Picha ya safu tatu saa kumi jioni lazima nifumbe lenzi hadi f/8, ili kila kitu kutoka bibi harusi hadi Shimo la Tewa kiwe wazi; na lenzi zote mbili zikifumbwa hadi f/8 zinaingiza nuru sawa. Usiku kwenye hema nitatumia fleshi. Ninachokihitaji ni ule upande wa pili wa Canon, ile 22. Kwenye kamera yangu, 22 ni sawa na lenzi ya 35 kwenye filamu zako, ile uliyokuwa ukituambia haijawahi kumdhulumu mtu uso. Tokina inagota 16, na pale 16 bado watu wa pembeni wana mashavu ya ziada. Basi mpango ni huu: binamu mwenye tuktuk na wenzake wa stejini watusimamishie barabara kwa dakika chache, mimi nirudi nyuma hadi ng'ambo, nipige kwa 20 au 22, watu wote watoke na miili waliyokuja nayo. Makanga wakikataa, ndipo naikimbilia 10. Na kuna faida nyingine: Canon ni gramu 385, Tokina 560. Hizo gramu zilizobaki nazihitaji kwenye sanduku kwa ajili ya krimu za Mama Mkubwa.

Kwa tahadhari ya hiyo 10, nimepanga viti mapema. Wakwe wote katikati, tusije tukaanza undugu kwa kesi. Shangazi nyuma ya bibi harusi, katikati ya katikati. Pembeni kushoto ni binamu anayeshinda jimu Bombolulu. Kwa mara ya kwanza atakiona kifua anachokitafuta. Pembeni kulia nataka watoto wa sekondari, wembamba, wasioomba nakala. Wenye kofia pana za harusini wakae safu ya nyuma na mbali na ukingo, kwani kofia nayo ni mviringo.

Limebaki moja. Lenzi niliyoipata ni mtumba na haikuja na kofia yake ya kuzuia jua. Nahitaji mtu mzima asimame kando yangu na mwavuli, aikinge lenzi bila kutikisika, na mtu huyo hatakuwemo pichani. Mjomba, nimelifikiria jina lako kwa sababu ya uzoefu. Mama alinishauri nikuulize kwanza faraghani, kabla barua haijasomwa mbele ya kamati. Sasa ndiyo inasomwa. Jibu lako nalingoja, ila tafadhali lisizidi dakika tatu.

Wenu, mtoto wenu wa London.