Sabuni Ndani ya Salfa

Ukitoka Lubumbashi kwa barabara ya kusini, baada ya kilomita 90 hivi unafika Kasumbalesa, na hapo gari hubadili upande: Kongo tunaendesha kulia, Zambia wanaendesha kushoto. Dereva anayejibu ujumbe wa simu mahali kama hapo hahitaji mchawi wa kumloga.

Shemeji yangu ni deklaran hapo mpakani. Ndiye anayeandika karatasi za forodha za malori, lakini ukimuuliza kazi yake atakutajia tano. Ana simu tatu, na huzungumza kwa zote pamoja: Kiswahili huku, Kibemba kule, Kifaransa kwa wakubwa. Mwenyewe hujisifu kwamba kichwa chake kina vyumba vingi. Dada yangu, aliyeolewa naye, anasema vyumba vipo, milango ndiyo haifungwi.

Siku moja likaja lori kutoka Dar es Salaam limebeba salfa, ile ya manjano ambayo viwanda vya shaba huitumia kutengenezea asidi. Dereva, Mtanzania mpole, alikuwa amepita Tunduma na Zambia nzima bila kasoro. Shemeji akaketi kwenye kompyuta, simu imebanwa begani, dada yangu akimtajia vya kununua ng'ambo. Karatasi ikatoka. Penye aina ya mzigo paliandikwa: salfa, unga mifuko miwili, mafuta, sabuni.

Afisa aliisoma, akavua miwani, akauliza kwa upole wa kutisha:

"Papa, sabuni iko wapi?"

Haya, mweleze mtu wa forodha kwamba sabuni bado iko dukani! Lori likawekwa kando likapekuliwa. Dereva akalala mpakani usiku ambao hakuupanga, na kila alipomwona shemeji alimwamkia: "Shikamoo bosi, sabuni imepatikana?"

Mwaka 2009 Eyal Ophir, Clifford Nass na Anthony Wagner wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwapima watu wenye mazoea ya kutazama na kusikiliza vyombo vingi kwa pamoja. Ndio waliovurugwa zaidi na mambo yasiyowahusu, na hata kuhama kutoka zoezi moja kwenda jingine walikuwa wazito kuliko wenzao. Nilimsimulia shemeji habari hiyo. Akaitikia kwa kichwa, kidole kikiwa kwenye simu, akanijibu: "Sawa, lakini punguza bei."

Hatua chache kutoka hapo kuna mama anayebadilisha pesa. Franga, kwacha na dola zimepangwa mbele yake. Akianza kuhesabu, umsalimie usimsalimie, hajibu. Vijana humwona ana kiburi. Akishafunga bunda kwa raba ndipo huinua macho: "Jambo sana, habari ya nyumbani?" Wateja wake hawarudi kulalamika.

Shemeji asinilaumu. Siku nikiwa na mzigo wangu, nitamtafuta deklaran mwenye simu moja, tena iliyokwisha chaji.