Barua ya Wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji: Tunaomba Seva Izimwe kwa Utaratibu

Mheshimiwa Mkurugenzi Mtendaji,

Naomba uniwie radhi kwa kukuandikia hadharani, mimi fundi wa zamu ya usiku katika chumba cha seva. Najua meza yako imejaa mambo mazito. Hili nalo linahusu fedha za watu, na mwenye kauli ya mwisho ni wewe.

Miamala ya benki yetu hupita kwenye CICS, programu ambayo IBM iliitoa mwaka 1969, mwanzoni kwa ajili ya kampuni za huduma kama umeme huko Marekani. Ni ya siku nyingi, lakini walioijenga walijua kwamba mitambo huzimika ghafla.

Kwa idhini yako, Mheshimiwa, nieleze. Tukiizima kwa njia ya kawaida, kwanza hukataa kazi mpya, lakini ile iliyokwisha kuipokea huiacha imalizike. Ni kama mwenye duka anayefunga mlango huku akiwahudumia waliomo ndani. Kisha mafaili hufungwa, na mwisho kabisa seva huandika kwenye katalogi yake hali iliyofikia. Asubuhi huyasoma maandishi hayo, ikajua kwamba ilifungwa vizuri, na kuendelea pale ilipoachia.

Tukiamriwa kuizima papo hapo, haingoji mtu, wala haiandiki hali hiyo ya mwisho. Kesho yake hulazimika kuanza kwa dharura: husoma logi kutoka mwisho kurudi nyuma, hutafuta kila muamala ulioishia njiani, na kuyatengua mabadiliko yake hadi rekodi zirudi zilivyokuwa. Fedha iliyotoka akaunti moja bila kufika ya pili hurudi ilikotoka. Kazi hii inastahili heshima; Jim Gray, mmoja wa walioweka misingi yake, alitunukiwa Tuzo ya Turing ya mwaka 1998. Muamala unaohusisha mfumo mwingine ni mgumu zaidi. Seva isipojua upande wa pili uliamua nini, huuweka kando na kuzishikilia rekodi zake mpaka jibu lije. Mteja huambiwa mtandao unasumbua, kumbe hela yake inalindwa.

Yote hayo huchukua muda, na hapo ndipo hofu yetu ilipo, Mheshimiwa. Milango ya matawi imeshafunguliwa, foleni imefika barabarani, na agizo linashuka kutoka juu: washeni upya kwa baridi, itawahi. Ni kweli itawahi. Lakini seva ikianza kwa baridi haiitazami kazi iliyokatika usiku. Kilichoandikwa nusu kwenye mafaili yetu kinabaki nusu, na watu wa mahesabu watakitafuta kwa mkono, akaunti baada ya akaunti. Dakika tulizookoa atazilipia mstaafu ambaye salio lake halilingani na risiti aliyoishika.

Kwa unyenyekevu mkubwa, basi, tunakuomba utoe mwongozo kwamba usiku wa mwisho wa mwezi tupewe nafasi ya kuizima seva kwa utaratibu, hata kama ripoti zinasubiriwa kwa hamu. Wasiwasi kwamba kazi moja iliyokwama itatukeshesha hadi alfajiri hauna msingi: CICS ina programu saidizi ambayo huanza kwa kuiondoa kazi kama hiyo kwa upole, na ikishindikana huiondoa kwa nguvu. Kuzima papo hapo kubaki kwa ajili ya moto, mafuriko au hitilafu isiyo na njia nyingine. Na baada ya kuzimika vibaya, seva isiwashwe kwa baridi bila saini ya Mkuu wa TEHAMA pamoja na Mkuu wa Mahesabu, maana mzigo utawaangukia wote wawili.

Ukipata nafasi, Mheshimiwa, tungefarijika sana ukishuka usiku mmoja utazame seva inavyozimwa ipasavyo. Tutakupokea kwa furaha na kujibu kila swali utakalopenda kutuuliza.

Naomba kuwasilisha.

Wako mtiifu,
Fundi wa zamu ya usiku