Unguja Ni Jiwe, Mgeni Ni Wewe

Kabla hujafunga safari ya pwani ya mashariki ya Unguja, tazama mwezi. Hali ya hewa utaitazama baadaye. Mwezi ukiandama au ukipevuka, na siku mbili tatu baada yake, bahari ya Paje, Bwejuu na Jambiani huwa kwenye bamvua. Maji hujaa mpaka yakapiga kuta za hoteli, kisha hupwa yakarudi nyuma kilomita nzima, huko mwambani mawimbi yanakovunjikia. Tofauti ya kupwa na kujaa hufika mita nne, na siku hizo maji hukauka kabisa mnamo saa nne asubuhi, saa ileile mgeni anapomaliza chai, akajipaka mafuta ya jua na kushuka ufukweni na taulo begani. Anakuta mchanga, majani ya bahari na ngalawa zimelala ubavu.

Hapo wapo wanaokwenda mapokezi kudai bahari yao. Usiwe mmoja wao. Yule kijana wa mapokezi hana ufunguo wa bahari. Maji yatarudi baada ya saa sita hivi, na kesho yatachelewa kwa dakika hamsini. Mvuvi yeyote atakutajia saa yake bila kushika simu, ila muamkie kwanza, muulize habari za nyumbani, ndipo uulize habari za maji. Na kama huwezi kabisa kuishi bila kuogelea asubuhi, nenda Nungwi au Kendwa, kaskazini, ambako bahari haiendi mbali. Hilo nalo si aibu.

Lakini ukibaki, fuata maji yalikokwenda, maana huko kuna watu kazini. Mwani ulianza kulimwa kwa biashara Unguja mwaka 1989, katika vijiji hivihivi vya Paje na Jambiani, na wakulima wake wengi ni wanawake. Utawaona wameinama, maji yako magotini, jua liko mgongoni, wanafunga kipande kimoja kimoja cha mwani kwenye kamba iliyotandazwa kati ya vijiti viwili. Kazi hiyo haifanyiki maji yakiwa yamejaa. Bamvua unalolilalamikia wewe ndilo linalowapa siku zao za shamba. Bahari nayo imezidi joto, mwani wa bei nzuri unawafia, wengi wamebaki na ule wa bei ndogo. Kwa hiyo usikanyage kamba zao, na usimpige mtu picha akiwa ameinama hivyo bila kumwomba. Hakuna anayeingia ofisini kwako akupige picha unapohesabu mshahara.

Vaa viatu. Chini ya mchanga ule laini kuna jiwe, na nyuma ya minazi ile kuna jiwe, maana upande wa mashariki wa kisiwa ni matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba wa chokaa wenye ncha kali. Huko majini kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu, wasiojali umelipa dola ngapi. Jiwe hilohilo, na chokaa iliyochomwa kutoka humo, ndilo lililojenga Mji Mkongwe. Ndilo pia lililojenga msikiti wa Kizimkazi Dimbani, wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107. Nenda ukauone, ujistiri, uvue hivyo viatu nilivyokuambia uvae.

Sasa Jozani. Hii ni Hifadhi ya Taifa ya Jozani na Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, yenye kilomita za mraba 50 hivi za msitu, mikoko na vichaka vya maweni. Mwenyeji wako humo ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu, mabega meusi na nywele nyeupe zilizomsimama kuzunguka uso. Asili yake ni Unguja, hana kwao kwingine duniani. Wachache waliopo msitu wa Ngezi, Pemba, walipelekwa na watu. Hesabu iliyotolewa mwaka 2017 ilikuta wako zaidi ya 5,800, wengi kuliko ilivyodhaniwa, lakini bado ni wachache mno kwa kiumbe asiye na kwingine pa kukimbilia.

Mtazame mkono anapovuta tawi: vidole vinne, gumba hana. Hula majani machanga na matunda mabichi, na tumbo lake lenye vyumba limeumbwa kwa chakula hicho. Tunda bivu lenye sukari humsumbua. Akila majani ya mkungu au mwembe yenye sumu kidogo, hutafuta mkaa akautafuna, ukamtuliza. Kiumbe anayejijulia dawa ya tumbo hahitaji ndizi yako wala biskuti za mtoto wako. Kaa mbali naye mita tatu au zaidi, na ukiwa na mafua usiingie kabisa, kwa kuwa maradhi yetu humpata. Picha ya kumshika bega iache. Na wewe dereva wa gari la kukodi, yale matuta ya barabara ya Jozani yaliwekwa kwa sababu kima walikuwa wakigongwa. Bado wanagongwa. Punguza mwendo hata pale pasipo na tuta.

La mwisho ni maji ya kunywa, na hapa naomba unisikilize sana. Upande huu wa jiwe la chokaa hautunzi mto. Mvua inazama kwenye matundu, na chini huko maji matamu yanaelea juu ya maji ya chumvi kama mafuta juu ya mchuzi. Ukivuta kupita kiasi, chumvi inapanda, na kisima cha kijiji kinaharibika. Utafiti wa mwaka 2012 katika Nungwi, Kiwengwa na Jambiani ulionyesha kuwa nyumba ya mwanakijiji hutumia wastani wa lita 93 kwa siku, na chumba kimoja cha hoteli ya nyota tano zaidi ya lita 3,000. Hiyo si anasa ya mtu binafsi, ni maji ya majirani zake.

Basi kabla hujalipia chumba, uliza: maji yenu mnayatoa wapi, na machafu mnayapeleka wapi? Wakibabaika, funga mkoba uendelee mbele. Jambiani peke yake ina nyumba nyingi za wageni, na baadhi ni za wenyeji wenyewe.