Puli Yenye Mapafu

Katika vitu ambavyo binadamu huviamini pasipo kuviuliza nasaba yake, chuma ndicho cha kwanza. Na sisi wakazi wa Matembwe, ambao baridi ya Juni na Julai imetufundisha kutilia shaka kuni, kiberiti, na hata kiapo cha utingo kwamba gari linaondoka sasa hivi, hatukuitilia shaka hata chembe puli mpya ya mashine ya kusaga, iliyoletwa kutoka Makambako ikiwa imevikwa rangi ya kijani iliyong'aa hata mwenye mashine akaona haya kuishika kwa mikono yenye unga.

Ilizunguka kwa adabu maadamu foleni ilikuwa fupi. Foleni iliporefuka ikapiga ukelele, ikapasuka, na kipande chake kikatoboa debe la mama mmoja aliyekuwa akingoja zamu, ambaye, baada ya kuhakikisha kwamba yu hai, aliuliza kwa upole kama debe lile litalipwa na mwenye mashine au na aliyeisubu puli. Baraza likakaa papo hapo: huyu akalaumu mtambo wetu mdogo wa umeme wa maji, kwamba una nguvu kupita kiasi, huyu akataja husuda ya kijiji jirani, na fundi baiskeli, ambaye huona kila balaa duniani kuwa ni mnyororo au mkanda, akalaumu mkanda.

Ndipo mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi ya kalibu akaokota kipande, akakwangua rangi kwa kisu, akachokonoa nta iliyochanganywa na masizi, na nyuma yake yakadhihirika mashimo ya kutosha kuhifadhia maharage ya mbegu.

"Jamani," akasema, "hii si puli, hili ni pafu."

Akatueleza kwamba kosa halikuwa la chuma bali la maji. Mchanga wa kalibu huchanganywa na udongo wa mfinyanzi na unyevu kidogo, asilimia 3 hadi 5 hivi ya uzito wake, ili ushikamane. Ukilowa zaidi ya hapo, chuma kinachomiminwa kikiwa na joto la nyuzi 1,300 na ushei huyageuza maji yale kuwa mvuke unaodai nafasi mara 1,600 ya ile ya awali, na mvuke huo, usipotobolewa matundu kwa spoku, au mchanga ukishindiliwa mpaka ukakosa pumzi, hauna pa kukimbilia ila ndani ya chuma chenyewe.

Wazee wa Upangwa, kule Ludewa kwenye mlima wa chuma wa Liganga, waliepukana na fedheha hii, kwa kuwa chuma cha matanuri yao ya udongo hakikutiririka; kilitoka bonge, kikafuliwa kwa nyundo. Sisi tuliotaka kukimimina kama uji ndio tuliojitakia makuu.

Wala mashimo hayakuwa dhambi pekee ya puli yetu. Chuma cha kusubu hunywea kiasi cha asilimia 1 kinapopoa, na kwa kuwa mikono myembamba hupoa upesi ilhali kitovu kinene kingali moto, kila upande huvuta kwake. Ndiyo maana puli nyingi za zamani zilisubiwa mikono iliyopinda, ipate kunyooka kidogo badala ya kukatika, nasi tuliozirithi tukadhani ni mapambo ya Wazungu. Kitovu nacho huhitaji hifadhi ya chuma cha ziada juu yake, kiwe kinanyonya humo kinapopungua, la sivyo hubaki na pango. Mengine mzee aliyapitia harakaharaka: mavi ya chuma yaenguliwe kabla ya kumimina, na mmiminaji asisite katikati, maana mikondo miwili iliyopoa ikikutana hugusana bila ya kuungana.

Mwenye mashine, ambaye katika hotuba yote ile alishika neno moja tu, kwamba chuma kizima kikigongwa hulia na chenye ufa hukoroma, alirudi Makambako akiwa na nyundo mkononi. Yule muuzaji, alipoiona nyundo, alianza kupunguza bei kabla hata ya puli ya kwanza kugongwa.