Sifa za Vumbi la Reli Ndogo

Vitu vilivyotungiwa sifa ni vingi, na washairi wa pwani, ambao hawakumwacha farasi, jahazi wala hirizi bila ubeti wake, walilikanyaga vumbi kila uchao wakalisahau. Nami, kwa kuwa maskani yangu ni Randburg, kaskazini-magharibi ya Johannesburg, ambako tangu Mei mpaka mvua za Oktoba mbingu takriban haidondoshi tone na nyasi zote hunyauka zikawa manjano, nimeona kuendelea kunyamaza ni dhuluma. Silisifii vumbi lote. Lile la silika, lililowala mapafu wachimbaji wa dhahabu wa nchi hii vizazi kwa vizazi, hata Mahakama Kuu ya Johannesburg ikaidhinisha mwaka 2019 suluhu ya fidia ya randi bilioni 5 hivi, halina haki ya kusifiwa na mtu mwenye haya. Ninalolikusudia ni vumbi dhalili la nyumbani, lile linalotua juu ya reli ndogo wanazojijengea watu wazima majumbani mwao.

Yafaa kwanza msomaji aijue himaya ya mtukufu huyu. Randburg haina kituo cha treni ya abiria: Gautrain, iliyoanza kazi Juni 2010, hupita mashariki yetu, Rosebank na Sandton, na mipango ya kuileta huku ingali karatasini. Kwa hiyo mwenye kuitamani treni hana budi aijenge mwenyewe, na rafiki yangu mmoja, mwenyeji wa Mbeya aliyelelewa kwa honi za TAZARA, ameijenga ndani ya gereji, gari lake likawa linalala nje. Alichagua kipimo cha moja kwa 120, na hoja yake ilikuwa safi: reli ya TAZARA, iliyojengwa kwa msaada wa Wachina kati ya 1970 na 1975, ina upana wa milimita 1,067, sawasawa na reli kuu za Afrika Kusini, gawanya upana huo kwa 120, utapata milimita 9 kasoro kidogo, na njia za milimita 9 huuzwa tayari madukani kwa ajili ya treni za kipimo kingine. Walakini hesabu iliyomfurahisha ndiyo iliyomtia mtihanini, maana kutoka Dar es Salaam mpaka Kapiri Mposhi ni kilomita 1,860, nazo zikigawanywa vivyo hivyo zinadai meza yenye urefu wa kilomita 15 na nusu. Basi alianza na Mlimba peke yake, stesheni na njia ya kupishana. Akaongeza mahandaki ya kupandia nyanda za juu. Sasa ametoboa ukuta wa stoo ili Makambako ipate pa kukaa, na macho yake, nayaona, yamekwisha kukipima chumba cha wageni kwa ajili ya Mbeya.

Hapo ndipo fadhila ya kwanza ya vumbi inapodhihiri. Mkewe alisema naye kwa upole, kisha kwa ukali, wageni walilalamika, benki nayo ilitoa ishara zake, na hapana hata mmoja aliyesikilizwa. Vumbi halikusema neno, likahukumu. Treni ya namna hii hupata umeme wake kwa miguu: volti 12 hupita katika reli mbili, magurudumu huuchukua, mota ikazunguka. Uchafu ukiingia kati ya gurudumu na reli, ambayo ni mchanganyiko wa shaba, nikeli na zinki, umeme huruka kwa vicheche visivyoonekana, na kila kicheche huacha doa jeusi; madoa huungana yakawa utando, na kichwa cha treni kikiufikia utando huo husitasita, taa zake zikapepesa, kisha kikasimama tuli, tena aghalabu kikasimama ndani ya handaki, mahali ambapo mkono wa mwanadamu haufiki bila kuuvunja mlima. Dawa ni moja: kitambaa cha pamba kilicholoweshwa spiriti, kidole juu yake, na kufuta, na kitambaa kinapoinuliwa huonekana mistari miwili myeusi, sambamba, myembamba, kama iliyopigwa kwa rula. Sasa kila mita ya njia anayoiongeza ni mita mbili za reli za kufutwa, na kila swichi ina ncha zake za kupigwa brashi. Juzi nilimwona amesimama mlangoni pa chumba cha wageni, futikamba mkononi, akatazama kitambaa, akatazama kitanda, akairudisha futikamba mfukoni. Ni kadhi gani aliyewahi kumrudisha mtu katika kiasi kwa gharama ndogo namna hiyo?

Watasema wapinzani kwamba kadhi huyu ana manufaa yake katika shauri. Ni kweli, siwezi kukana: msumeno ukikata plaiwudi, plasta ya milima ikikwanguliwa, ukuta wa matofali ukitobolewa, mtawala hujiongezea raia kwa kila upanuzi unaofanywa. Lakini hebu nionyesheni mtawala asiyefanya hivyo.

Fadhila ya pili ni ya mali, na hii naistaajabia zaidi. Behewa jipya likitoka katika sanduku lake hung'aa, na mng'ao huo ni uongo, kwa sababu hapana behewa la mizigo lililopanda kutoka Mlimba mpaka Makambako likabaki kama lilivyotoka kiwandani. Mafundi wa sanaa hii, kwa kulijua hilo, hununua vikopo vidogo vya unga uliosagwa laini, huu wa rangi ya kutu, huu wa masizi, huu wa udongo mwekundu, wakaupaka kwa brashi ya nywele laini chini ya mabehewa na pembezoni mwa milango, kisha wakaufunga kwa vanishi isiyong'aa ili usipeperuke. Rafiki yangu hufanya kazi hiyo usiku, kwa miwani na taa ya mezani, pumzi ameibana. Na asubuhi, kwa kitambaa na ghadhabu, huliondoa vumbi la bure lililotua paani mwa behewa lile lile. Yaani hulipa fedha taslimu apate uchafu wa dukani, akaufukuza uliomjia kwa hiari yake, bila ankara. Nimemwuliza tofauti ni nini. Akanijibu kwamba vumbi la kweli halina kipimo, kwa kuwa chembe yake ikitua kwenye kipimo cha moja kwa 120 huonekana jiwe. Jibu hilo lina elimu. Lakini utingo waliopata kulala juu ya mabehewa hayo nadhani wangelishuhudia mawe pia.

Maadui wa vumbi nao watazamwe. Wakati wa kipupwe hewa ya hapa ni kavu mno, plastiki hushika umeme tuli, na kuipangusa kwa kitambaa kikavu huzidi kulivuta vumbi. Anayelipiga vita hulialika. Mashine ya kufyonza ndiyo mbaya kupita zote, kwani haina tamyizi: ilimmeza mkuu wa stesheni ya Mlimba, mtu wa milimita 15 hivi pamoja na kofia, na tangu hapo mdomo wake hufungwa soksi ya nailoni kila inapowashwa. Vumbi, pamoja na yote linayoshitakiwa, halijapata kumwondoa mtumishi kazini. Humfunika tu.

Basi msomaji, ukialikwa gereji ya namna hii, usipulize kwa mdomo, maana pumzi ina unyevu na unyevu huligandisha vumbi. Wala usiguse reli kwa vidole, kwa sababu mafuta ya mkono hukamata kila kinachopita. Na ukitaka kumpelekea mwenyeji zawadi, acha mabehewa, anayo ya kutosha. Mpelekee chupa ya spiriti: aliyokuwa nayo imekwisha kwa kuifuta Mlimba, na Makambako bado.